Kijiko Kina Uzito Gani?

Wasomaji watanisamehe nikiandika habari za kijiko, hali wenzangu wameandika habari za mpira na za safari ya Mlima Meru. Lakini jambo hili lilinipata likizo iliyopita nyumbani Ngaramtoni, nami halijanitoka.

Usiku mmoja mtoto wa dada yangu, wa mwaka mmoja, alishikwa na kuharisha. Pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji hatukuwa nayo, na maduka yalikwisha fungwa. Nikakumbuka tulivyofundishwa: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko. Nikachanganya upesi, nikajiona daktari. Bibi akaonja, akayamwaga yote. "Machozi hayana chumvi namna hii, mjukuu wangu." Tukachanganya upya, yeye akionja, na alfajiri mtoto akapelekwa zahanati. Sasa ni mzima.

Shule ilipofunguliwa nilikuja na kijiko kile. Kwa ruhusa ya mwalimu nilipima katika mizani ya maabara vijiko 10 vya chumvi laini, vilivyosawazishwa juu kwa kisu, kisha nikagawanya kwa 10. Kijiko cha dawa, cha mililita 5, kilichukua gramu 6. Chetu kilichukua gramu 9, na nilipokijaza kilima, gramu 14! Basi usiku ule nilitia gramu 7 mahali pa 3.

Tena kijiko kile kile cha mililita 5 huchukua sukari gramu 4 tu, na unga wa ngano chini ya gramu 3. Kwa hiyo haifai kuuliza kijiko ni gramu ngapi bila kutaja kilichomo. Hata chumvi ya mawe haiwi sawa na chumvi laini, kwa kuwa hewa hukaa kati ya punje zake.

Wapo watakaosema kwamba wazee walipima kwa pishi na kibaba, na hata leo katika soko la Kilombero maharage huuzwa kwa sado, wala hakuna aliyedhurika. Kweli, nami siidharau sado. Maharage yakizidi konzi moja, mnunuzi hufurahi. Na hamira ikizidi kidogo katika maandazi, sigombani na mtu. Lakini chumvi ikizidi katika maji ya mtoto mgonjwa yaweza kumdhuru vibaya, na sukari ikizidi huongeza kuharisha kwenyewe. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi ya kawaida iliyomo katika dawa ya pakiti kutoka gramu 3.5 hadi gramu 2.6 kwa lita. Wao wahesabu sehemu za gramu, sisi twachota!

Pakiti ndiyo bora, na kila nyumba yafaa iwe nayo. Lakini usiku wa kukosa pakiti utakuja, na kijiko kitatumika. Kwa hiyo naona somo lile liandikwe kwa gramu pamoja na vijiko, na ya kwamba kijiko ni cha kusawazishwa. Tena naomba Siku ya Wazazi mizani moja itolewe nje ya maabara, iwekwe mezani pamoja na mfuko wa chumvi, na kila mzazi aje na kijiko cha nyumbani kwake. Nipo tayari kusimama hapo mchana kutwa. Bibi amekwisha ahidi kuja, ingawa asema ulimi wake hauhitaji mizani.