NYUMBA YA MAGURUDUMU? MASTAA, WAAMBIENI WATU CHOO MNAENDA WAPI!

Kuna kapo moja ya hapa mjini, majina kapuni, wanajulikana. Dada ni mrembo wa mitandaoni, kaka ndiye mshika kamera. Wana miezi kadhaa sasa wanaposti maisha yao ndani ya Hiace iliyong'olewa viti, ikawekwa kitanda, kabati la mbao nyeupe na taa za nyotanyota. Kila asubuhi milango ya nyuma inafunguliwa, bahari hiyo, kikombe cha chai hicho, miguu iliyopakwa rangi ya kucha hiyo. Kapsheni: "Tuliacha kulipa kodi, tukachagua uhuru."

Malaiki kama mvua. Watoto wa mjini wanaandika "Mungu nipe na mimi". Sasa hapo ndipo shida inapoanzia, maana hiyo sala wengine wanaijibu wenyewe kwa hela ya kodi ya miezi sita.

Kuishi kwenye gari siyo dhambi. Mtu mzima na hela yake akiamua kulala kwenye Hiace, ni haki yake. Dhambi ni kuwauzia watu nusu ya maisha hayo na kuifanya ionekane ndiyo yote. Tangu waanze, hawa wawili hawajawahi kuonyesha choo. Hata siku moja! Binadamu wawili, miezi kadhaa, chai kila asubuhi, na hakuna aliyebanwa?

Mnyetishaji mmoja wa Bagamoyo alishamwaga ubuyu: gari linalala ufukweni kwa ajili ya picha, wenyewe wanalala chumbani, AC imewashwa. Na inasemekana fundi aliyelitengeneza hilo gari ndiye anayelipia posti. Kama ni kweli, siyo vibaya, tangazo ni kazi. Lakini tangazo liitwe tangazo. Usimwambie mtoto wa Tabata "tuliacha kulipa kodi" wakati kuna mtu anakulipia chumba.

Na huyo mtoto wa Tabata yupo. Ni fundi simu. Hela ya kodi aliyodunduliza akaichanganya na mkopo, akanunua Noah iliyochoka, akang'oa viti, akatupia godoro. Wiki ya kwanza akawa anajiposti. Wiki ya pili mlinzi wa sehemu aliyokuwa anapaki akamfukuza. Wiki ya tatu giaboksi ikagoma. Aliingia kwenye ukurasa wa wale mastaa akauliza swali moja la kistaarabu: "Dada, nyie usiku mnapaki wapi?" Akablokiwa. Leo Noah iko uani kwa rafiki yake huko Kimara, inaota nyasi, na yeye amerudi kwa mama. Mkopo bado unadai.

Kwa hiyo yale ambayo hawataki kuyasema, yasemwe hapa.

Maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Watu wawili wakinywa, wakapika, wakaosha vyombo na kuoga kwa kujibana, dumu la lita 20 kwa kila mtu kwa siku linaisha. Siku tatu ni lita 120, yaani kilo 120, sawa na abiria wawili wasioshuka. Uzito huo ukiuweka upande mmoja au juu ya kerea, gari linayumba kwenye kona. Tenki linakaa chini, katikati, limefungwa kwa mikanda. Maji ya kunywa yana dumu lake peke yake. Hayo hayapo kwenye vidio, kuna chupa moja ya kioo yenye ndimu ndani.

Choo na kuoga. Wanaoishi hivi kweli wana ratiba: choo cha sheli, choo cha kulipia stendi, na gesti ya bei ya kawaida kila baada ya siku chache kwa ajili ya kuoga vizuri na kufua. Ndani ya gari wanaweka ndoo yenye mfuniko wa kubana na unga wa mbao wa kufunika kila baada ya kutumia, kisha inamwagwa chooni, siyo porini wala mtoni. Haipendezi kwenye picha. Lakini ndiyo maisha yenyewe.

Umeme. Betri ya amp 100 ya volti 12 ina wati-saa 1,200 kwenye makaratasi. Kama ni ile ya kawaida ya maji, ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Unabaki na 600. Feni ndogo ya wati 20 usiku mzima inakula kama 160, friji dogo linakula sehemu kubwa ya kilichobaki, simu na taa zinamalizia. Pasi ya wati 1,000 inazimaliza 600 zote kwa kama dakika 36 tu. Sasa yule dada anayenyoosha nywele, anapiga pasi na kusaga juisi ndani ya Hiace, huo umeme unatoka wapi kama siyo waya umepita dirishani mpaka kwenye soketi ya hoteli? Na ujue kitu kimoja kuhusu sola: ukipaki kivulini paneli haipati jua, ukipaki juani wewe ndiye unaiva. Betri ya kuishi itenganishwe na betri ya kuwashia gari, la sivyo asubuhi utaomba watu wakusukume.

Pa kulala. Hapa ndipo uongo umezidi. Kuna posti wako juu ya kerea pembeni ya barabara ya Mikumi, wanakunywa kahawa na kuangalia twiga. Barabara hiyo inakatiza hifadhini. Kushuka kwenye gari ovyo pale hairuhusiwi, na kulala hifadhini ni kwenye kambi zilizotengwa tu, kwa kulipia. Simba hajui kama una folowazi wengi.

Nje ya hifadhi, utaratibu wa Bongo unajulikana: ukifika kijijini jua halijazama, unaenda kwa mwenyekiti wa kijiji au balozi, unajitambulisha, unasema unatoka wapi na utaondoka lini. Dakika kumi tu. Usipofanya hivyo, usiku wa manane unagongewa kioo na sungusungu, na wao hawana kosa, gari geni lenye pazia linatisha. Mjini, omba sheli yenye mlinzi, ongea na meneja, nunua mafuta hapo hapo, mpe mlinzi chochote kitu. Paki gari likitazama njia ya kutokea, funguo sehemu moja ile ile kila siku.

Hela. "Tuliacha kulipa kodi" ni maneno matamu, ila kodi imebadilishwa jina tu. Tuseme gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830, hiyo ni lita 83 za kwenda tu, hujarudi. Hapo bado tairi, oili, breki, na maegesho. Bima ya mtu wa tatu haikulipi wewe gari lako likiungua au likiibiwa na kitanda chako ndani. Na ukishang'oa viti vya abiria, nenda kaulize TRA na kampuni yako ya bima kabla hujatoka barabarani, maana kadi inasema kingine na gari linaonyesha kingine. Trafiki hatakubali maelezo ya "tunatafuta uhuru".

Halafu kuna lile la Lushoto. Hili ndilo linalofanya haya yote yasiwe stori ya kuchekesha.

Walipanda milima ya Usambara kipindi cha baridi. Usiku wakaposti vidio: milango imefungwa, madirisha yamefungwa, blanketi, na katikati ya gari jiko la mkaa linawaka. Kapsheni: "Joto la mapenzi." Mdau mmoja akauliza kwenye komenti, "Hiyo hewa vipi?" Akajibiwa kwa kikaragosi cha kucheka.

Mkaa ukiungua unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi ukiisha watu wanadhani hatari imeisha, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua. Unasikia kichwa kizito, usingizi mtamu, na huamki. Hiace ni ndogo kuliko chumba chochote cha kupanga. Mkaa haulali ndani ya gari, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Injini nayo haiachwi inanguruma watu wamelala. Baridi inatibiwa kwa soksi, blanketi zito na chupa ya maji ya moto. Kupika ni nje, au kwenye jiko la gesi milango ikiwa wazi, na mtungi ukae wima kwenye boksi lenye tundu la chini linalotoka nje ya gari, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni.

Vidio ile bado ipo mpaka leo. Wanaiangalia watoto wanaoenda kambi na wapenzi wao na gari la kuazima. Kufuta ni kubonyeza mara moja.

Mashabiki wao watasema ni wivu. Watasema "waacheni waishi, hakuna aliyeshikiwa panga." Ni kweli, na fundi simu wa Tabata naye ana lawama zake, angeuliza gereji kabla ya kununua. Lakini mwenye folowazi anapofungua mdomo anakula hela ya wale wanaomsikiliza. Ukila, uwe mkweli.

Na kama ni uzoefu, walimu wapo miaka yote. Nenda Tunduma uone foleni ya malori. Dereva na utingo wake wanalala kwenye kebini siku kadhaa, wana sanduku la vyombo pembeni ya chesisi, wanapika ugali chini ya trela, wanajua sheli ipi ina bafu safi kutoka Dar mpaka mpakani. Hao ndio wataalamu wa kuishi barabarani, na hakuna anayewaandikia "Mungu nipe na mimi". Wanaitwa wachafu. Maisha ni yale yale, tofauti ni taa za nyotanyota.

Kwa anayetaka kweli, asianze kwa kununua. Akodi au aazime siku mbili. Alale kwanza kwenye gari uani kwao usiku mmoja, bila kuingia ndani hata kwa choo. Ajue kubadili tairi mwenyewe. Neti kwenye madirisha kabla ya taa za mapambo, maana mbu hawaangalii mapambo. Na chumba asikiachie mpaka amemaliza miezi mitatu barabarani na bado anatabasamu.

Na nyie wawili, mnajijua. Mambo matatu tu: semeni nani analipa, futeni vidio ya Lushoto, na onyesheni ndoo.

Mdau, wewe unaonaje? Ungeweza wiki moja? Dondosha komenti hapo chini, na kama una ndugu dereva wa lori mtag aje atoe darasa.