Moto wa arusini: mlango kwanza, mchezo baadaye

Arusi za pwani zina mgeni mpya siku hizi, naye ni moto. Vijana wa sarakasi waliozoea kuwachezea watalii katika mahoteli ya Diani, Nyali na Watamu sasa huitwa kuja kumpokea bwana arusi. Huyu azungusha mnyororo wenye ndimi za moto kwenye ncha zake, yule apuliza mwali mrefu kutoka kinywani, na mwengine apita chini ya ufito unaowaka. Ndani ya ukumbi nako, bibi arusi huingia baina ya safu mbili za fataki zirushazo cheche juu mithili ya chemchemi. Wageni hushangilia, wapiga picha hupata riziki yao, na wiki ifuatayo jamaa mwengine hutaka yake izidi hiyo.

Iwapo mchezo huo wafaa kidini au haufai, hilo nawaachia mashekhe. Wala sina ugomvi na vijana wanaotafuta chumo la halali kwa ustadi wao. Swali langu ni jingine, nalo ni jepesi: moto huo ukikosea, watu watatokea wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu nimehudhuria arusi kadhaa zenye michezo hii, na kila mara macho ya watu yote huwa kwa mchezaji. Hakuna atazamaye mlango. Na mambo yaliyotokea katika nchi nyingine yanaonyesha kwamba mlango ndio unaoamua nani atarudi kwake.

Moto wa uwanjani

Yafaa tukumbuke kwamba moto haukuanza leo katika mikusanyiko yetu. Chetezo cha udi hupitishwa baina ya wageni, na wanawake hufukiza nguo zao juu yake. Matari ya Maulidi huoteshwa moto ngozi ikazane, na ngoma vivyo hivyo. Kabla ya umeme kuenea, karabai ndiyo iliyomulika shughuli za usiku.

Ndugu zetu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana mfano mkubwa zaidi. Kila mwaka, mwezi wa Julai, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, hujengwa kibanda cha makuti, watu wakaingia ndani, kisha kikatiwa moto. Walio ndani hutoka mbio, na watazamaji huangalia moshi unaelekea wapi. Mtu asiyejua atasema huo ni wazimu. Lakini tazama mpango wake. Kibanda ni kidogo na kiko uwanjani chini ya mbingu. Kila mtu ajua kwamba kitawashwa, na kazi ya walio ndani ni moja tu, kutoka. Juu ya vichwa vya watazamaji hakuna dari, na baina yao na nyumbani hakuna mlango uliofungwa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya wazee, ijapokuwa haikuandikwa popote. Moto mdogo ulikaa chetezoni na mtu wa kuuangalia, na moto mkubwa ulikaa uwanjani. Sisi tumeuchukua moto mkubwa tukauingiza ndani, na ile kanuni tukaiacha nje.

Ukumbi

Tuutazame ukumbi wa arusi, hasa usiku wa kupamba, ambapo wanawake na watoto huwa mamia. Kuta zimevishwa vitambaa vyepesi tangu juu hadi chini. Dari imetandwa mapazia. Jukwaa limejaa maua ya plastiki na sponji. Wageni wenyewe wamevaa mabuibui na magauni ambayo siku hizi aghalabu si ya pamba, bali ni ya nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli, na nguo hiyo ikishika moto huyeyuka ikagandamana na ngozi. Kisha, kwa ajili ya stara, madirisha yamezibwa, mlango wa nyuma umetiwa kufuli na mbele yake pana pazia, na mlango wa mbele una bawabu wa kuwazuia wanaume na wenye simu za kupigia picha.

Stara ni jambo la lazima kwetu na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini stara ni kuwazuia walio nje wasiingie. Haikuwa kamwe kuwazuia walio ndani wasitoke.

Wenzetu wameyaona haya kwa macho yao. Tarehe 26 Septemba 2023, katika mji wa Qaraqosh, jimbo la Nainawa nchini Iraq, bwana na bibi arusi walikuwa katikati ya ukumbi pale fataki za chemchemi zilipowashwa. Cheche zilishika mapambo ya dari, na dari yenyewe ilikuwa ya vifaa vinavyoungua upesi. Vipande vilianza kuwaangukia watu vikiwa vinawaka, na njia za kutokea hazikutosha. Waliofariki walizidi 100.

Miaka 10 kabla ya hapo, tarehe 27 Januari 2013, katika mji wa Santa Maria nchini Brazil, mwanamuziki aliwasha fataki ndani ya klabu iitwayo Kiss, nazo zikashika sponji iliyobandikwa darini kuzuia sauti. Walikufa watu 242. Wengi wao hawakuunguzwa na moto, bali walisongwa na moshi wenye sumu uliotoka katika sponji ile. Na mlangoni, mwanzoni, walinzi waliwazuia watu kwa kudhani kwamba wanakimbia bila ya kulipa.

Kabla yao, tarehe 20 Februari 2003, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, watu 100 walikufa kwa sababu iyo hiyo: fataki za wanamuziki na sponji ya ukutani. Wengi walikimbilia mlango ule ule walioingilia, wakasongamana pale pale, hali milango mingine ilikuwepo.

Msomaji ataona kwamba mikasa hii mitatu ni kama mmoja. Mwali ulikuwa mdogo na ulikusudiwa kupendeza. Kilichoua ni kitambaa, sponji, dari na mlango. Mchezaji aweza kuwa hodari kuliko wote, na bado ustadi wake usiweze kuizima dari.

Siku hizi wauzaji husema ati fataki zao ni "za baridi". Jina hilo lisitudanganye. Mashine hizo huchoma unga wa madini, na cheche zake hupoa upesi zikiwa hewani, lakini pale zitokapo ni za moto, na zikirundikana juu ya zulia au zikigusa pazia hazitauliza jina lao. Ama kile kijiti cha cheche apewacho mtoto mkononi, joto lake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mafuta ya kukaangia mahamri hayafiki nyuzi 200.

Funzo la Mina

Kwetu Waislamu uko mfano ulio karibu zaidi na nyoyo zetu. Tarehe 15 Aprili 1997, mahujaji walipokuwa wamekusanyika Mina, moto ulizuka katika mahema ukachochewa na upepo mkali. Walifariki mahujaji 343, zaidi ya 1,500 wakajeruhiwa, na mahema yapatayo 70,000 yakateketea.

Nataka tuangalie kilichofanyika baadaye. Wenye mamlaka wangeweza kusema kwamba ajali haina kinga, wakaomba dua, wakasimamisha mahema yale yale mwaka uliofuata. Badala yake walibadilisha kitambaa. Mahema ya Mina yalifanywa ya nyuzi za kioo zilizopakwa dawa isiyoshika moto, yakawekewa mabomba ya kunyunyiza maji, na majiko ya gesi yakapigwa marufuku mahemani. Aliyehiji kabla ya 1997 na akahiji tena baadaye aijua tofauti hiyo. Ibada haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni hema.

Mchezaji naye

Baada ya kusema hayo juu ya ukumbi, nina maneno kwa vijana wenyewe, maana wao ndio wa kwanza kuungua.

Petroli isitumike kabisa. Mvuke wake hushika moto hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sufuri, nao ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini ukaufuata moto ulio mbali. Mafuta ya taa ni afadhali, lakini nayo mengi huanza kutoa mvuke wa kushika moto katika joto la nyuzi 38 hivi. Mtu wa Mombasa ajua kwamba mchana wa Kaskazi hauko mbali na hapo. Chombo cha mafuta kifungwe na kiwekwe mbali na mchezo, na mwenge uliochovywa ukung'utwe hadi usidondoke kabla ya kuwashwa.

Kupuliza moto ndiyo hatari kubwa kupita zote, hata pale mwali usipomgusa mtu. Mafuta yakiteleza yakaingia mapafuni, huleta ugonjwa wa mapafu ambao madaktari wanaujua sana kwa wachezaji wa aina hii. Kijana aweza kumaliza mchezo akicheka, na saa kadhaa baadaye akaanza kukohoa, kifua kikamuuma na homa ikampanda. Mtu huyo asitapishwe wala asipewe maziwa ati ya kuosha mafuta. Apelekwe hospitali. Kwa maoni yangu mchezo huu wa kinywa ungeachwa kabisa, maana malipo ya usiku mmoja hayanunui pafu.

Mchezaji avae nguo ya pamba iliyombana, asivae nailoni. Awe na mwenzake asiyecheza, ambaye kazi yake ni kusimama tu na blanketi au leso ya pamba iliyoloweshwa maji, na macho yake yasimtoke mchezaji. Pawe na ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto, kwa kuwa mafuta yanayowaka yakimwagiwa maji huenea. Upepo uangaliwe. Wakati wa Kusi upepo huvuma kwa nguvu, na wakati wa Kaskazi makuti huwa makavu kama karatasi, kwa hiyo mchezo usifanywe karibu na paa la makuti msimu wowote. Watazamaji wazuiwe kwa kamba, watoto wakae nyuma, na mvaa buibui asisimame upande uendako upepo.

Na mtu akiungua, atiwe maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, kisha afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe kwa daktari. Dawa ya meno, ute wa yai na samli ni mazoea yetu ya jikoni, lakini hushika joto ndani na kumpa daktari kazi ya pili.

Dhamana ni ya nani?

Mambo yakiharibika, kila mmoja humwonyesha kidole mwenzake. Mwenye arusi husema aliwaamini wachezaji, wachezaji husema waliitwa, na mwenye ukumbi husema yeye hukodisha nafasi tu.

Sheria haikunyamaza. Fataki nchini Kenya zimo chini ya Sheria ya Baruti, Sura ya 115, wala si bidhaa ya kuchezewa bila ya kibali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mlango wa mahali pa kazi usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua mara moja, na ukumbi ni mahali pa kazi kwa wapishi, wapambaji na wahudumu. Tangu Katiba ya 2010, huduma ya zimamoto iko mikononi mwa serikali za kaunti, basi kaunti zina haki ya kukagua kumbi kabla ya msimu wa arusi.

Lakini sheria haihudhurii kupamba. Anayehudhuria ni mama wa bibi arusi, somo, shangazi na mashoga. Kwa hiyo naona dawa iliyo karibu zaidi i katika kikao cha familia, pale pale panapopangwa biriani na mapambo. Wakati wa kulipa arubuni ya ukumbi yaulizwe mambo matatu. Milango ya kutokea ni mingapi, na je, yafunguka kwa kusukumwa kutoka ndani? Vitambaa vya dari ni vya namna gani? Nani atakayesimama kwenye kila mlango, bila ya kufuli? Kwa ajili ya stara wawekwe wanawake wanne au watano wa kulinda milango badala ya kufuli. Kufuli haisikii mtu akilia, bali mwanamke aliyesimama mlangoni atasikia na atafungua.

Na wenye kutaka moto wapewe moto, ila uwe uwanjani, bwana arusi anapopokewa, mbali na makuti na mapazia. Ndani ya ukumbi watosha udi chetezoni.

Twapenda kusema ajali haina kinga. Ni kweli kwa ile isiyojulikana. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuzima moto wa nyumbani kabla ya kulala, na Mwenyezi Mungu katika sura ya Al-Baqara, aya ya 195, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Aliyeuona moto, akaliona pazia, akaiona na kufuli, kisha akanyamaza, hawezi kuiita ajali.

Msimu wa arusi hauko mbali. Yeyote aliye na shughuli na aende leo akautazame mlango wa nyuma wa ukumbi aliolipia, na akiukuta una kufuli, auombe ufunguo.