Nyanya asinyimwe chapati ya Krismasi

Kila inapokaribia Desemba, msomaji, wagonjwa wa kisukari wanaokuja kwangu hapa Kerugoya huniuliza swali lile lile: "Daktari, na chapati je?" Wengi wao ni akina nyanya, na hawaulizi kwa sababu ya uroho. Watoto na wajukuu wanarudi kutoka Nairobi na Thika. Nyanya atakayepika chapati kisha akae kando na kikombe cha chai isiyo na sukari, wengine wakila, hujiona mgeni nyumbani kwake.

Wako wenzangu katika kazi hii wanaojibu kwa neno moja: marufuku. Mimi nalipinga jibu hilo.

Kusema kweli, chapati si chakula cha asili cha Wakikuyu. Ililetwa na Wahindi, wakiwemo zaidi ya 30,000 walioajiriwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901, na wenye maduka waliofuata. Wazee wetu wa kale walijua wimbi, mawele, nduma na njahi. Lakini chapati imekwisha kuwa yetu. Unga wa ngano ulitaka pesa taslimu, nazo zilionekana kwa nadra: kahawa ilipolipwa, bonasi ya majani chai ilipotoka, au Krismasi ilipofika. Siku hiyo nyanya alikanda unga kwenye karai na kuusukuma kwa kifimbo. Aliyekosa kifimbo alitumia chupa. Harufu ilifika kwa jirani kabla ya mwaliko. Chapati zilifunikwa kwa kitambaa ndani ya beseni, zikahesabiwa, na mgawaji alikuwa nyanya peke yake: wewe mbili, wewe mbili, na hizi za yule ambaye hajafika.

Mafuta yalikuwa mengi, tena yale magumu ya mkebe. Hata hivyo chapati hizo zilikuja mara tatu au nne kwa mwaka, na walaji walikuwa watu wa kupanda na kushuka miteremko na jembe begani.

Tazama hali ilivyo leo. Ukitoka stendi ya matatu asubuhi na mapema, kila kibanda kina chapati. Kijana wa bodaboda hula mbili kwa chai, na mchana mbili kwa maharagwe. Tupige hesabu. Pakiti ya kilo mbili ikitoa chapati 20, kila moja ina gramu 100 za unga, yaani kalori kama 350. Kijiko kikubwa cha mafuta huongeza 120. Chapati nne zinakaribia kalori 1,900, kabla ya maharagwe na sukari ya chai! Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. Sisemi chapati peke yake ndiyo iliyoleta hayo, lakini chumvi na mafuta ya kila siku yamo.

Kwa hivyo anayetaka kupiga chapati marufuku na aanze na ile ya Jumanne. Nyanya akikatazwa ya Krismasi huitikia kwa heshima, akaila jikoni kwa siri, kisha Januari haji kliniki kwa aibu. Akirudi Machi, ana kidonda mguuni kisichopona.

Nyanya ambaye sukari yake imetulia anaweza kula chapati moja mezani pamoja na wengine. Sahani hiyo isiwe tena na wali wa Mwea, viazi na soda. Hapo ndipo mambo huharibika. Aweke terere au managu kwa wingi, na nyama au kamande. Nusu ya unga iwe atta, ambao una pumba zake. Atta hunywa maji zaidi, kwa hivyo ukandwe laini na uachwe nusu saa, ama sivyo chapati itakuwa ngumu kama soli na daktari ndiye atakayelaumiwa. Wengine huchanganya malenge. Rangi hupendeza, lakini wanga bado upo. Chumvi ipunguzwe pia: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asifikishe kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, katika vyakula vyote.

Tembe na sindano ziendelee kama alivyoandikiwa, bila kuongeza dozi ili "kufidia" mlo. Mwenye sukari iliyopanda sana amwone daktari wake kabla ya sikukuu.

Nanyi wajukuu, msije na kreti mbili za soda na keki halafu mkamgombeza nyanya kwa chapati moja. Kandeni unga nyinyi, mabega yake yamechoka, lakini kugawa mwachieni. Kisha mmoja wenu ampeleke kliniki wiki ya kwanza ya Januari akapimwe, hata kama alikula mbili.