Jasho la sauna si dawa ya presha

Siku hizi sauna si starehe ya wageni wa mahoteli peke yao. Hapa Bujumbura, mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Mugina au Kobero na mizigo yake, mgongo ukiwa umekakamaa, anajua pa kwenda kujipumzisha kwenye joto jioni ya Jumamosi. Simlaumu. Anayeshinda akinyanyua magunia ana haki ya kupumzika. Ninachokipinga ni maneno yanayosemwa ndani ya chumba kile: kwamba jasho likitoka, presha nayo imetoka, na vidonge vya hospitali havina kazi tena. Ndugu zangu, maneno hayo yanaua.

Tuanze na ukweli, maana faida ipo. Wenye sauna hasa ni watu wa Finland, nchi ya watu wapatao milioni 5.5 na sauna zipatazo milioni 3. Mwaka 2015 watafiti wa huko, wakiongozwa na Jari Laukkanen, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanaume 2,315 wenye umri wa miaka 42 hadi 60, kwa takriban miaka 20. Ikilinganishwa na walioingia sauna mara moja kwa wiki, hatari ya kufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo ilikuwa ndogo kwa asilimia 22 kwa walioingia mara 2 au 3, na kwa asilimia 63 kwa walioingia mara 4 hadi 7.

Sababu yake inaeleweka. Katika joto la karibu nyuzi 80 mishipa ya damu hutanuka, na moyo hupiga mbio kama wa mtu anayetembea kwa haraka. Misuli hulegea, na wengi hulala vizuri usiku ule.

Lakini tusome matokeo hayo kwa makini. Utafiti ule ulilinganisha watu na mazoea yao. Haukuthibitisha kwamba sauna peke yake ndiyo iliyowaokoa. Mwenye nafasi ya kuoga sauna karibu kila siku huenda pia anakula vizuri na ana daktari wa karibu. Wala matokeo yale hayamwambii mgonjwa aache dawa zake.

Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania, katika makazi ya Katumba na Mishamo, tunaijua nyungu. Homa ikipanda, mama alitufunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi. Pua zilizibuka, mwili ukawa mwepesi. Lakini malaria ilibaki malaria, na zahanati ikabaki na kazi yake. Wazee wetu hawakuchanganya nafuu na tiba. Kwa nini sisi tuchanganye leo?

Presha haina kelele. Mtu akitoka sauna inaweza kushuka kwa muda, naye akajiona amepona, kisha ikapanda tena bila yeye kujua. Kujisikia vizuri si kipimo. Kipimo ni mashine ya kupimia presha. Vilevile, wanaosema sauna inatoa sumu mwilini wajue kwamba jasho karibu lote ni maji na chumvi. Kazi ya kusafisha damu ni ya figo na ini. Na kilo iliyopungua leo ni maji, itarudi ukinywa.

Jambo baya zaidi ni bia. Pombe na joto kwa pamoja huweza kuangusha presha ghafla na kuvuruga mapigo ya moyo. Wala tusijivunie kukaa muda mrefu kuliko wenzetu. Mwaka 2010, katika mji wa Heinola, huko huko Finland, mashindano ya dunia ya kuvumilia sauna yalifanyika kwenye joto la nyuzi 110. Mshindani mmoja alikufa, na mashindano hayo yakafutwa. Kama wenye sauna yenyewe walishindwa, sisi tunashindana na nani?

Kwa hiyo nasema: ingia, lakini dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kunywa maji, inuka polepole, usiingie peke yako. Mjamzito, mwenye maumivu ya kifua au aliyepata shambulio la moyo karibuni amuulize daktari kwanza. Wenye sauna nao waweke kipimajoto, saa ukutani na maji ya kunywa, na mlango usiojifunga.

Na wewe unayefunga mzigo wa kwenda Kigoma, funga pia vidonge vya presha vya siku zote za safari. Ukirudi na faida, kaoge sauna kwa raha zako. Ila usiku ule ule, kabla ya kulala, meza kidonge chako.