Kompyuta Yako Haijatulia, Imeachwa Wazi

“Imetulia.” Ndilo jibu lako kila ukiulizwa. Umezima masasisho tangu mwaka juzi, mashine haijagoma, printa inachapa, basi imetulia! Imetulia kwa faida ya nani? Yako, au ya mwizi?

Machi 14, 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu ndani ya Windows. Mei 12 kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo. Hakikusubiri mtu abofye chochote. Kiliruka chenyewe kutoka mashine hadi mashine, kikafunga mafaili na kudai malipo ya bitcoin. Nchi zipatazo 150 ziliguswa. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha upasuaji, na magari ya wagonjwa yakaambiwa yaende kwingine.

Na kompyuta nyingi zilizonaswa hazikuwa vitu vya makumbusho! Zilikuwa za Windows 7. Kiraka chake kilikuwepo karibu miezi miwili. Kilikuwepo! Hakikuwekwa.

Najua unachoogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Nani kati yetu hajakuta sasisho limemaliza bando, printa haitambuliki, na mteja amesimama anangoja? Julai 19, 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, tena kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta milioni 8.5 hivi za Windows. Ndege zikakwama viwanjani.

Kwa hili watengenezaji siwasamehe. Wanatuletea kiraka cha usalama kimechanganywa na menyu mpya na vikorombwezo ambavyo hakuna aliyeviomba, halafu wanashangaa tukikimbia. Mbona Debian, wenye mfumo endeshi huria, wameweza? Toleo lao tulivu hupokea viraka vya usalama, na programu zako zinabaki kama ulivyozizoea. Wenye mabilioni wanashindwa nini?

Lakini kosa lao halikupi wewe ruhusa ya kulala. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu si wako peke yako. Ndani ya mashine hiyo mna akiba za wanachama wa SACCOS. Humo mna majina ya wagonjwa wa zahanati. Watu hao walikuuliza kama unapenda kusasisha?

Una mashine kadhaa? Anza na moja, iangalie siku mbili tatu, kisha malizia nyingine. Siku, si miaka! Una moja tu? Leo jioni ukishafunga hesabu, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ichomoe, kisha ruhusu sasisho lipite.