Kichwa Kigumu, au Muhogo Mchungu?

Ni mara ngapi sisi walimu tumemwita mtoto "kichwa kigumu" mbele ya wenzake? Aulizwapo leo fundisho la jana, husimama kimya. Sisi twasema ni mvivu. Jirani asema amerogwa. Leo twataka kuwaeleza mambo yaliyogunduliwa na wataalamu wa ubongo katika nchi yetu hii ya Kongo, ili tusihukumu upesi.

Huko Kahemba, katika jimbo la Kwango, watu hula muhogo mchungu karibu kila siku. Muhogo huo una sumu iitwayo sianidi. Desturi ya wazee ni kuuloweka siku tatu au zaidi, kisha kuuanika. Lakini njaa au haraka ya kuuza ikizidi, wengine hufupisha siku hizo, na sumu husalia ndani ya unga. Ndipo huja ugonjwa wa konzo: mtoto aliyekuwa mzima hukakamaa miguu ghafula, wala haponi tena. Kwa Kiyaka neno hilo ni kama kusema "miguu iliyofungwa".

Zamani madaktari waliangalia miguu tu. Baadaye wataalamu, miongoni mwao Désiré Tshala-Katumbay, Mkongo, na Michael Boivin wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, waliwapima watoto wa Kahemba akili na kumbukumbu. Mwaka 2013 walitangaza waliyoyaona. Watoto wenye konzo walishindwa na wenzao wasiougua. Tena, na hili ndilo la kututia hofu, hata hao wasiougua walikuwa na kumbukumbu dhaifu kuliko watoto wa sehemu ya jirani isiyo na konzo. Miguu ilikuwa mizima, lakini yaonekana akili imekwisha guswa.

Wazazi wa Kalemie, hatusemi ya kwamba kila mtoto mzito darasani amedhurika kwa muhogo. Lakini ugali wetu ni wa muhogo, na toka mwaka 2016 mapigano ya Waluba na Watwa yaliwafukuza wengi vijijini mwao, wakakimbilia kwetu. Mwenye njaa hangoji siku tatu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusifupishe siku za kuloweka. Pili, tule samaki na ndagala wa ziwa letu pamoja na ugali, maana chakula cha namna hiyo huusaidia mwili kuishinda sumu. Tatu, ipo njia aliyoifundisha Howard Bradbury wa Australia: unga uchanganywe na maji, utandazwe tabaka nyembamba, ukae saa 2 juani au saa 5 kivulini, hewa ya sumu hutoka, kisha mama hupika ugali wake siku ile ile. Haidai fedha, yadai subira tu.

Nasi walimu tuweke fimbo chini. Kabla ya kumwuliza mtoto kwa nini amesahau, tumwulize kwa upole: "Mwanangu, jana mlikula nini nyumbani?"