Mamba wa Songwe na ndoo za akina mama





Mimi husafiri mara kwa mara hadi Ngana, wilayani Kyela, kununua mpunga. Safari iliyopita nilimwona mamba amejinyoosha mchangani kando ya Mto Songwe, kinywa wazi, akiota jua. Hatua chache kutoka pale akina mama walikuwa wakichota maji. Nilipowauliza kama hawaogopi, mmoja alinijibu, "Baba, tutakunywa nini?"

Tangu mwaka 2011 zipo kanuni za kifuta machozi kwa wanaodhuriwa na wanyama wakali. Ni jambo jema, lakini kifuta machozi huja baada ya kilio. Hakirudishi mkono wala mtoto. Mamba naye hana kosa. Mto ni makao yake, na sheria inamlinda.

Dawa ni kuwaondolea watu ulazima wa kwenda mtoni: vichimbwe visima vya pampu karibu na nyumba. Na pale wanapolazimika kuchota mtoni, pajengwe uzio wa miti majini. Uzio wananchi wanaweza kuujenga kwa kujitolea. Visima vinahitaji mkono wa Serikali.

Wahusika mnasemaje?

Msafiri,
Mbeya.